Vuli ya Kimarekani ukiwa Ujerumani: mwongozo kamili, kuanzia boga la kwanza hadi bata mzinga

Kwetu Tanga vuli ni mvua. Zinakuja Oktoba, zinachezacheza hadi Desemba, na mwenye shamba anapanda. Nilipohamia Minnesota nikakuta vitabu vinaita vuli majira ambayo majani yanapukutika, ghala linafungwa na watu wanatafuta masweta. Miezi ni ile ile, kazi ni kinyume. Ilinichukua muda kuizoea, na nilipoizoea nikaipenda kuliko msimu mwingine wowote wa Marekani.

Tulikaa huko miaka tisa. Watoto wetu wawili walizaliwa huko, na kwao Oktoba isiyo na boga mlangoni ni kama Idi isiyo na nguo mpya. Kisha kazi ikatuleta Stuttgart, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Mwaka wa kwanza nilijaribu kuihamisha vuli nzima ya Minnesota kama ilivyo. Nilichomeka sufuria ya umeme niliyotoka nayo Marekani kwenye soketi ya hapa, nikiwa nimeweka kiunganishi cha plagi tu. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Ulaya ni 230. Sufuria ilitoa moshi kabla maharage hayajapata moto. Wiki nne baadaye nikanunua bata mzinga ambaye hakuingia kwenye oveni.

Tangu hapo nimejifunza kwamba kila sikukuu ina kitu kimoja ambacho kikikosekana haipo tena. Halloween, usiku wa watoto kuvaa mavazi ya kuigiza na kuomba peremende, ni boga lililochongwa na mtoto anayebisha hodi. Siku ya Shukrani, yaani Thanksgiving, ni meza moja ndefu na pai. Hivyo vitu vichache ndivyo vya kuhangaikia. Vingine vyote, chukua vya majirani, maana nao wana vuli yao na ni ya zamani kuliko ya Wamarekani.

Hatua ya kwanza: panga kalenda mapema, mwanzoni mwa Septemba

Siku ya Shukrani ya Marekani huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Sheria iliyoifunga tarehe hiyo ilitiwa saini mwaka 1941. Hapa Alhamisi hiyo ni siku ya kazi kama nyingine. Usijidanganye kwamba utatoka kazini jioni na kuoka ndege wa kilo tano. Hamishia Jumamosi inayofuata. Ijumaa ndiyo siku ya kupika pai na kununua kilichosahaulika, kwa sababu Jumapili maduka ya Ujerumani yamefungwa, na ukikosa siagi Jumapili utaiomba kwa jirani.

Tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween, ni siku ya mapumziko katika majimbo mengi ya kaskazini na mashariki, kwa kuwa ni kumbukumbu ya Martin Luther. Kwetu Baden-Württemberg, kama ilivyo Bavaria, maduka yanafungwa kesho yake, 1 Novemba, siku ya Watakatifu Wote. Jua jimbo lako liko upande gani, kisha nunua peremende siku mbili kabla.

Halafu kuna saa. Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani hungoja Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katika kipindi hicho tofauti kati ya Berlin na New York ni saa tano badala ya sita. Wiki ya Halloween mara nyingi huangukia humo, na shangazi anayesubiri kuwaona watoto na mavazi yao kwenye simu atakupigia ukiwa bado unawapaka rangi usoni. Afrika Mashariki haibadilishi saa kamwe: wakati wa joto Nairobi na Dar es Salaam zimetutangulia kwa saa moja, na saa zikirudishwa zinatutangulia kwa mbili. Kwa hiyo bibi wa Tanga apigiwe kwanza, kabla hajalala.

Hatua ya pili: tafuta boga, na ujue unanunua lipi

Hapa ndipo Stuttgart inapoishinda Minnesota, nasema bila aibu. Treni za S4 na S5 zinakufikisha Ludwigsburg kwa muda usiofika nusu saa, na katika bustani za kasri la mji huo kila mwaka, tangu 2000, kuna maonyesho ya maboga zaidi ya 400,000. Huanza mwisho wa Agosti na kuendelea hadi Halloween ipite. Wanajenga sanamu kubwa kwa maboga, wanapima boga zito la mwaka, na mwezi wa Septemba watu wanapiga makasia bwawani wakiwa wameketi ndani ya boga lililokombwa. Ukiwa na nafasi ya matembezi moja tu katika msimu mzima, nenda huko.

Kwa boga la nyumbani, usihangaike na duka kubwa. Pembeni mwa barabara za mashamba utakuta meza au mkokoteni umepangwa maboga, bei imeandikwa kwa chaki, na kisanduku cha fedha. Muuzaji hayupo. Unachagua, unatumbukiza sarafu, unaondoka. Beba chenji.

Utakutana na makundi matatu. Yale makubwa ya rangi ya chungwa ni ya kuchonga. Yanalika, lakini yana maji mengi na ladha hafifu. La pili ni "Hokkaido", dogo, jekundu la kutu, ambalo huliwa na ganda lake. Hilo ndilo boga la jikoni, pamoja na "Butternut" lenye umbo la kibuyu. Kundi la tatu ni "Zierkürbis", vidogo vya mabaka na vinundu vinavyowekwa mezani kama pambo. Hivyo usile. Vina sumu chungu iitwayo kukabitasini, na haiondoki kwa kupikwa. Hata boga la kawaida, hasa lililoota kwenye bustani kutokana na mbegu za mwaka jana, lionje kidogo likiwa bichi. Likiwa chungu, tema, tupa lote.

Kuchonga kwenyewe hakuna siri. Kata tundu chini au mgongoni badala ya juu, ili kikonyo kibaki na boga lisibonyee haraka. Komba hadi ukuta wake uwe na unene wa kama sentimita mbili. Chonga siku mbili au tatu kabla ya Halloween, kwa sababu baada ya wiki moja linaota ukungu. Kama unaishi ghorofani na boga litakaa kwenye ngazi, weka taa ya betri. Mshumaa kwenye ngazi za pamoja utakuletea barua ya mwenye nyumba. Mbegu osha, kausha, nyunyizia chumvi na mafuta, oka dakika 20 kwa nyuzi 160.

Wazee wa huku watakuambia kwamba walichonga nyuso kabla hawajaona Halloween ya Marekani, ila walichonga viazi vya kulishia ng'ombe, aina ya bitiruti kubwa, wakaviita "Rübengeister", mizimwi ya bitiruti. Waairishi na Waskoti nao walichonga tanipu, na ndio waliopeleka desturi hiyo Marekani, ambako walikuta boga, kubwa na laini zaidi. Kwa hiyo mtu akikulalamikia kwamba unaleta mambo ya Kimarekani, unaweza kumjibu kwa upole.

Hatua ya tatu: matufaha, bila kuiba

Marekani tulilipa kiingilio, tukachuma, tukapanda trekta, tukala donati. Hapa mashamba ya kujichumia yapo, tafuta neno "Selbstpflücken", lakini kuna jambo zuri zaidi. Mkoa huu umejaa miti ya matunda ya zamani iliyotawanyika kwenye majani, na mingi wenyewe wamechoka kuivuna. Ukiona mti umefungwa utepe wa manjano, mwenyewe ameruhusu yeyote achume kwa matumizi ya nyumbani. Usio na utepe una mwenyewe, hata kama matufaha yanaoza chini. Kuyaokota ni wizi.

Ukipata mengi, peleka kwenye kinu cha kukamulia, "Mosterei". Kilo 100 hutoa lita 60 hadi 70, zinachemshwa kidogo na kufungwa kwenye mifuko inayokaa mwaka.

Jihadhari na neno "cider". Marekani ni juisi ya tufaha isiyochujwa, kinywaji cha watoto. Uingereza na Ufaransa ni kileo. Huku nako kuna "Most", ambayo Waswabi, wenyeji wa mkoa huu, wengi wao wakiitaja wanamaanisha iliyochacha, na "Federweißer", mvinyo mchanga wa vuli unaonukia kama juisi na kulewesha kama mvinyo. Sisi tusiokunywa tununue "naturtrüber Apfelsaft", ile isiyochujwa. Mimina lita mbili sufuriani, tia vijiti vitatu vya mdalasini, karafuu nane, tangawizi iliyopondwa na ganda la chungwa, acha moto mdogo nusu saa. Mwanangu huiita chai ya tufaha, na hakosei sana.

Hatua ya nne: Halloween katika mtaa usioijua

Watoto wa hapa hupita nyumba kwa nyumba, wakisema "Süßes oder Saures", kitamu au kichachu. Lakini si kila mtaa, na si kila mzee anapenda. Mwaka wa kwanza tulibisha milango kumi na mmoja, tukafunguliwa mitatu, na mama mmoja mzee akatupa ndizi kwa kuwa hakuwa na kingine. Ilikuwa ukarimu mkubwa, lakini mwanangu aliyevaa kama samaki papa alilia njia nzima.

Sasa tunafanya hivi. Wiki moja kabla, nabandika karatasi kwenye mlango wa chini wa jengo, kwa Kijerumani: sisi wa ghorofa ya pili tutapita tarehe 31 kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, anayekaribisha watoto aweke boga au achore boga kwenye karatasi hii. Jua linazama mnamo saa kumi na moja, kwa hiyo huo ndio wakati mzuri, na watu bado hawajala. Usipite mlango usio na alama. Wasiotaka huachwa kwa amani, na wanaotaka huongezeka: mwaka huu uliopita tulipata milango tisa ndani ya jengo letu peke yake. Ukimaliza nje, malizieni ndani bila makelele, maana kuanzia saa nne usiku ni muda wa utulivu kila mahali Ujerumani.

Usiwatupe watoto baada ya hapo. Tarehe 11 Novemba, au jioni za karibu yake, kuna matembezi ya Mtakatifu Martino. Watoto hubeba taa za karatasi walizotengeneza wenyewe, wanaimba, na mara nyingi mbele yao kuna mtu juu ya farasi aliyevaa joho jekundu. Wanaishia kwenye moto na mikate mitamu. Binti yangu amesema wazi kwamba taa zinampendeza kuliko peremende. Shule za chekechea hutangaza tarehe mwishoni mwa Oktoba.

Hatua ya tano: vipimo na kabati la viungo

Mapishi yako ya Marekani yako kwa vikombe. Nunua mizani ya jikoni, kisha andika haya ndani ya mlango wa kabati: kikombe ni mililita 240, paundi ni gramu 454, kipande kimoja cha siagi ya Kimarekani ni gramu 113. Nyuzi 325 za Farenhaiti ni 165 za Selsiasi kwa kukadiria, 350 ni 175, 425 ni 220. Oveni yako ikiwa na feni, alama ya "Umluft", punguza nyuzi 20.

Maziwa ya kopo ya pai ni "Kondensmilch" yasiyo na sukari. Sukari ya kahawia ya hapa ni kavu na haina ule unyevu wa Marekani. Changanya gramu 200 za sukari nyeupe na kijiko cha chakula cha "Zuckerrübensirup", asali nyeusi ya bitiruti. Kranberi mbichi, vijitunda vyekundu vikali, huonekana madukani Novemba. Zikikosekana, "Preiselbeeren" za chupa zinafaa kabisa na wakwe wa Kijerumani watazitambua. Mkate wa mahindi unahitaji unga wa mahindi, ambao Mswahili hapaswi kufundishwa kuutafuta. "Polenta" laini inatosha. Na ule mchanganyiko wa viungo vya pai unaouzwa Marekani kwa bei ya dhahabu ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu tu. Fungua kopo lako la viungo vya chai, upo nusu ya safari.

Ndugu wakitaka kukutumia kifurushi kutoka Marekani, waambie wasitie nyama wala maziwa ya aina yoyote: haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwa posta, na nyama iliyokaushwa ndiyo wanayoipenda kuituma. Zawadi kati ya watu binafsi isizidi thamani ya euro 45, vinginevyo utalipa ushuru. Stuttgart pia imejaa Wamarekani wa jeshini wenye maduka yao kambini. Usiwaombe wakununulie. Bidhaa zile hazijalipiwa kodi ya Ujerumani, na kumpa asiye na haki nazo kunaweza kuwatia matatani. Wakikualika mezani ni sawa.

Hatua ya sita: pai

Kata Hokkaido katikati, toa mbegu, oka kwa nyuzi 180 hadi uma uzame, kama dakika 40. Saga. Hokkaido ni kavu, ukitumia Butternut saga kisha chuja kwenye kitambaa dakika kumi na tano. Pima gramu 425. Ongeza mayai mawili, gramu 150 za sukari, mililita 350 za maziwa ya kopo, kijiko cha chai cha mdalasini, nusu ya tangawizi, robo ya karafuu, nusu ya chumvi. Mimina kwenye kitako cha unga kilichotandazwa kwenye sahani ya sentimita 23 yenye kina. Dakika 15 kwa nyuzi 220, kisha dakika 40 hadi 50 kwa nyuzi 175. Katikati patikisike kidogo unapoitoa, patatulia pakipoa.

Mimi huweka tui zito la nazi badala ya nusu ya maziwa. Marafiki Wamarekani hula wakauliza nimeweka nini, na wa Tanga wangejua kabla ya kuuma.

Hatua ya saba: bata mzinga

Waingereza walimpa ndege huyu jina la Uturuki. Waturuki wenyewe humwita "hindi", kama kwamba katoka India. Sisi tukamwita bata, na si bata. Wajerumani humwita "Pute", na madukani utamkuta amekatwakatwa vifua mwaka mzima, lakini mzima mzima ni nadra kabla ya Krismasi. Mwagize buchani wiki tatu kabla. Anayetaka halali aende bucha za Waturuki. Ndege huyu huliwa Uturuki wakati wa mwaka mpya, kwa hiyo wanajua pa kumpata.

Kabla ya kutaja uzito, pima oveni yako kwa rula. Kilo tano ndio mwisho wa busara kwa oveni nyingi za hapa, na anatosha watu wanane hadi kumi. Wageni wakizidi, ongeza mapaja pembeni, usiongeze ndege.

Akiwa wa barafu, myeyushe ndani ya friji siku mbili hadi tatu, kamwe si mezani. Usiku wa kuamkia siku yenyewe mpake chumvi nje na ndani, kama kijiko cha chai kwa kila kilo moja na zaidi kidogo, mwache wazi ndani ya friji ngozi ikauke. Siku yenyewe mpake siagi, mwoke kwa nyuzi 165 bila kumjaza kitu tumboni, saa mbili na robo tatu hadi tatu. Lakini usitegemee saa. Kipimajoto kikichomwa kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa kisome nyuzi 74. Kisha mpumzishe nusu saa, na nusu saa hiyo ndiyo oveni inapopata nafasi ya kuoka viazi vitamu na mkate uliokolezwa vitunguu na majani ya "Salbei", ile "sage" ya Wamarekani. Ukiwa na oveni moja, ratiba nzima inaizunguka nusu saa hiyo.

Kranberi pika Ijumaa: gramu 340, sukari gramu 200, maji mililita 240, dakika kumi hadi zipasuke.

Hatua ya nane: mezani

Waalike Wajerumani. Kwanza watashangaa viazi vitamu kuwekwa sukari, kisha watakuhadithia vya kwao. Hapo ndipo nilipofahamu sherehe za Cannstatt, mtaa wa Stuttgart, ambazo mimi nilidhani ni bia na bembea. Mwaka 1816 kiangazi hakikuja Ulaya, kwa sababu ya mlipuko wa mlima Tambora huko Indonesia mwaka mmoja kabla. Mavuno yakafa, watu wakafa njaa. Mfalme Wilhelm wa Kwanza wa Württemberg alianzisha sherehe hizo mwaka 1818, njaa ilipopita, na hadi leo katikati ya uwanja husimama mnara uliopambwa kwa matunda na nafaka. Waliokula pamoja Plymouth, Marekani, mwaka 1621, katika mlo unaohesabiwa kuwa Shukrani ya kwanza, walowezi Waingereza na wenyeji Wawampanoag, nao walikuwa wametoka kwenye njaa na vifo. Watoto wangu waliipokea habari hii vizuri kuliko kofia za karatasi za shuleni. Waambie pia kwamba tangu 1970 wenyeji wa asili hukutana Plymouth siku hiyo hiyo kwa maombolezo.

Gwaride la Shukrani la New York huonekana hapa Alhamisi alasiri, na mchezo wa soka ya Kimarekani wa Detroit, ulioanza kuchezwa siku hiyo mwaka 1934, huanza jioni kwa saa za Ujerumani. Kwa hiyo Alhamisi tunakula supu mbele ya televisheni, na Jumamosi tunakula kweli.

Mabaki yaingie friji ndani ya saa mbili, yaliwe kwa siku tatu au nne. Mifupa ichemshe Jumapili na kitunguu, iliki na pilipili manga, chuja, na maji hayo yapikie pilau, nyama iliyobaki ukiitia mwishoni ili isikauke. Pai, ikibaki, ni kifungua kinywa cha Jumatatu.